Barua kwa mdogo wangu aliyekula kiapo bila kuniita

Mdogo wangu,

Habari za kiapo chako cha uraia nimezipatia kanisani, kwa yule mama anayeuza maandazi baada ya ibada, ambaye hata jina lako hulikosea. Aliniuliza mbona hakuniona kwenye picha. Nikamjibu nilikuwa kazini. Nimesema uongo mlangoni mwa kanisa kwa ajili yako.

Hongera. Nalitanguliza neno hilo kabla moyo haujanigeuka, maana naujua. Zaidi ya miaka sita hukutaka hata kuishika ile fomu. Shemeji aliniambia ulichokuwa ukijibu kila alipokukumbusha: "Uraia wao wabaki nao, wao na kaka." Halafu siku ya siku ukainua mkono ukaapa, ukawaita majirani, ukamwita hata kijana wa Bukavu mliyejuana juzi. Mimi niliyekupokea uwanja wa ndege na koti la baridi mkononi, sikuitwa.

Haya. Sasa wewe ni mpiga kura, na mpiga kura anatakiwa ajue nyumba anayoingia imejengwa na nani. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nakusimulia habari za jimbo letu la uchaguzi, Sherbrooke, hapa mkoani Quebec, jikoni kwa mama, ukasinzia na tonge la ugali mkononi, ndagala zikapoa. Ungenisikiliza hadi mwisho, labda yasingetokea yaliyotokea. Leo utanisikiliza.

Jimbo hili limekuwapo tangu 1867, mwaka ambao Kanada yenyewe iliundwa. Mbunge wake wa kwanza katika bunge la Quebec, Joseph Gibb Robertson, alizaliwa Scotland. Mhamiaji, mdogo wangu. Alivuka maji kama wazazi wetu walivyovuka Ziwa Tanganyika, ila yeye alivuka na lugha ya watawala mdomoni, na hilo si jambo dogo. Alikikalia kiti zaidi ya miaka 20, na mara kadhaa akashika hazina ya mkoa. Wakati huo Waingereza wa Quebec walihofia kumezwa na Wafaransa, kwa hiyo katiba ya 1867 ikataja majimbo 12, Sherbrooke likiwamo, ikasema mipaka yake isiguswe mpaka wengi wa wabunge wa majimbo hayo hayo wakubali. Kinga hiyo ilidumu hadi 1970. Nikisikia mtu anasema sisi ndio tuliouleta wasiwasi mjini, naikumbuka. Wasiwasi ulikuwa hapa kabla yetu, umeandikwa hadi kwenye katiba.

Baadaye akaja John Samuel Bourque wa chama cha Union nationale, aliyekaa toka 1935 hadi 1960, waziri katika serikali ya Duplessis, waziri mkuu wa Quebec. Ni katikati ya miaka yake, 1940, ndipo wanawake wa Quebec walipopata haki ya kuchagua bunge la mkoa. Mama nilipomwambia alishika kidevu. Alidhani wanawake wa kizungu huzaliwa nayo.

Toka hapo kiti hakikutulia. Raynald Fréchette alikichukua 1966 kwa Union nationale, akakipoteza, akarudi 1981 akiwa wa Parti Québécois, chama kinachotaka Quebec ijitenge na Kanada, mtu yule yule na bendera nyingine. Wa chama cha Liberal wakaingia, wakatoka. Napita haraka kwa sababu nataka kufika kwa Jean Charest, kisha nirudi nyuma kidogo kwa mwanamke mmoja, maana yeye ndiye kiini cha ugomvi wetu ingawa hajawahi kusikia jina lako wala langu.

Charest ni mtoto wa Sherbrooke. Alianzia Ottawa, bunge la Kanada nzima, mwaka 1984. Mwaka 1993 chama chake cha Progressive Conservative kilipigwa kikabakiwa na viti viwili Kanada nzima, na kimoja kilikuwa hiki cha hapa, chake. Mwaka 1998 akaja kuwaongoza Liberal wa Quebec, akagombea hapa hapa nyumbani. Uchaguzi huo Liberal walipata kura nyingi kuliko Parti Québécois ukijumlisha mkoa mzima, na bado wakashindwa, viti 48 kwa 76. Ndiyo maana nilikuwa nakukatalia ulipokuwa ukisema kura moja si kitu kati ya mamilioni. Hapa huhesabiwi kati ya mamilioni. Unahesabiwa jimboni kwako, na watu unaopanga nao foleni ya mkate.

Mwaka 2003 akawa waziri mkuu wa Quebec. Mwaka 2007 televisheni zikatangaza kwamba ameangushwa kwao na mgombea wa Parti Québécois. Hesabu ikaendelea, kura za mapema zikaingia, akapita kwa kura chache zaidi ya 1,300. Hebu fikiria: waziri mkuu, ameshatangazwa marehemu kisiasa, anafufuliwa na watu waliokwenda kupiga kura zao siku kadhaa kabla.

Na 2012 nilikuwapo kwa macho yangu. Wewe bado ulikuwa kambini Nyarugusu na mama, mkingoja majina ubaoni. Serikali ilikuwa imetaka kuongeza karo ya vyuo vikuu kwa dola 1,625 ndani ya miaka mitano, wanafunzi wakagoma toka Februari, jioni watu wakawa wanatoka na sufuria wanagonga. Usiku wa tarehe 4 Septemba nilikuwa nasafisha ofisi mjini, redio ndogo mfukoni. Ikasema Sherbrooke imemchagua Serge Cardin wa Parti Québécois. Huyu Cardin ndiye aliyekiokota kiti cha Ottawa alichokiacha Charest mwaka 1998, na sasa alikuwa amemnyang'anya na cha pili. Mara nane mji ulikuwa umemchagua mtoto wake. Mara ya tisa ukamwambia basi. Nikageuza ndoo, nikaikalia. Nilitoka Fizi, Kongo, sijawahi kuona mkubwa akiambiwa basi na watu wa mtaani kwake, na kesho yake akatangaza kwa mdomo wake kwamba anaachia uongozi wa chama.

Sikuambii hapa ni peponi. Usiku ule ule mtu alifyatua risasi Montréal, kwenye ukumbi ambamo Pauline Marois alikuwa akisherehekea ushindi, akamuua mfanyakazi mmoja. Lakini ndoo ile sijaisahau.

Na kura sikupiga. Sikuwa raia bado. Mchana wake nilisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na shule, nikawaangalia watu wanaingia na kutoka. Nilisimama muda mrefu hadi mzee mmoja akaniuliza kama nimepotea. Kwa hiyo usiniambie sijui uchungu wa kubaki nje. Mimi niliubeba miaka mingapi? Na nilinyamaza.

Sasa yule mwanamke. Marie Malavoy, mzaliwa wa Berlin, profesa wa chuo kikuu hapa Sherbrooke. Mwaka 1994 Parti Québécois walimsimamisha jimboni, akashinda, akapewa uwaziri wa utamaduni. Haikupita hata miezi mitatu. Ikajulikana kwamba miaka ya nyuma alikuwa akipiga kura kabla hajawa raia wa Kanada. Novemba hiyo hiyo akajiuzulu uwaziri. Ubunge alibaki nao, mpaka Charest alipomshinda 1998, na 2012 alirudi kuwa waziri wa elimu kwa jimbo lingine. Yeye aliweza kuanguka na kuinuka. Alikuwa profesa, alikuwa na chama nyuma yake, Kifaransa ni lugha ya mama yake. Wewe ulikuwa na kadi ya mkazi wa kudumu na mkataba wa miezi mitatu kiwandani.

Hapo ndipo ulipolala.

Asubuhi, tarehe 1 Oktoba 2018, niliondoka mapema kwa sababu nilikuwa nimepangiwa kazi mezani, kituo cha kupigia kura, na vituo hufunguliwa saa tatu na nusu. Sikujua kwamba wiki chache kabla mtu wa kazini kwako alikuambia mwenye kadi ya bima ya afya anapiga kura, kwamba ulijaza karatasi bila kuisoma, na kwamba jina lako limeingia kwenye orodha. Hukuniambia. Ulitaka kunishangaza. Shati jeupe ulilipiga pasi wewe mwenyewe. Mama ulimvalisha kitenge cha Pasaka ukamkalisha ukutani, chini ya ule mlingoti wa mpira wa kikapu, ili aone.

Ukafika mezani kwetu. Ukanitazama kama mtu asiyenijua, ukijizuia kucheka. Ukataja jina, ukataja anwani, ukaweka kadi. Mama wa Kiquebec niliyekaa naye akashusha rula kwenye orodha, akakuona, akaanza kuichana karatasi kwenye kitabu.

Nikasimama. Nikasema kwa Kifaransa, kwa sauti ambayo hadi leo sijui niliitoa wapi: "Huyu si raia. Ni mdogo wangu, namjua."

Nyuma yako walikuwa watu wanane au tisa. Wawili ni wa kanisani kwetu. Hukunijibu. Hukunitazama hata mimi, ulimtazama mama. Na mama, ambaye Kifaransa hakijui, aliona tu mwanawe mkubwa kasimama na mdogo kainamisha kichwa, akauliza kwa sauti, kwa Kiswahili, ukumbi mzima ukisikia: "Ameiba nini?"

Uliichukua kadi yako. Ukamshika mama mkono. Ile kanda nyekundu ya mstari wa uwanja, niliiangalia hiyo mpaka mlango ulipojifunga.

Nilikaa pale hadi saa mbili usiku. Jioni hiyo Christine Labrie wa Québec solidaire alimshinda Luc Fortin wa Liberal, Québec solidaire wakaipata Sherbrooke kwa mara ya kwanza. Watu wa foleni walikuwa wanaijenga historia ya mji, nami nilikuwa nimeketi katikati yake na sikuisikia.

Nilikuwa sahihi. Nitalisema hili hadi niingie kaburini. Karatasi ile ingeingia kisandukuni, ingekuwa kosa lenye jina lako, na siku ungeomba uraia ningeogopa kila bahasha inayofika. Kiapo ulichokula juzi, sehemu yake ni yangu. Hilo huniondolei.

Ila ningeweza kukuvuta pembeni. Hatua mbili. Ningeweza kumnong'oneza yule mama, akakueleza taratibu kwamba kuna makosa kwenye orodha. Ningeweza kukuita kwa Kiswahili, "Njoo nje kidogo." Nimelifikiria hili usiku mwingi, na jibu si zuri. Nilikuwa na beji kifuani. Kila mgeni wa hapa husikia, mapema au baadaye, maneno ya Jacques Parizeau, waziri mkuu wa Quebec wa Parti Québécois, ya 1995, siku walipoikosa kura ya kujitenga kwa kura zisizofika 55,000, akalaumu fedha na kura za makabila, yaani za watu wa kuja kama sisi. Mimi niliyasikia darasani, na yalinikaa shingoni. Nilitaka yule mama pembeni yangu aone kwamba kura za makabila hazipiti mezani kwangu. Ndiyo maana nilisema kwa Kifaransa. Sikuwa nasema na wewe.

Na wewe pia, jamani. Miaka yote hiyo! Umemzika mama nami 2021 ukiwa umesimama upande wa pili wa kaburi, ukanipa mkono kama unampa mkono mwenye duka. Watoto wangu wanauliza baba mdogo yuko wapi, wakati uko umbali wa daraja moja. Ningekuwa nimekutukana ningeelewa. Nilikukinga. Mtu aliyekukinga vibaya bado amekukinga.

Kuna kitu hujui. Mama aliniambia hospitalini, wiki ya mwisho. Nilimuuliza kwa nini alitaka sana kuja siku ile, na mguu wake ulikuwa umevimba. Akasema ni kwa ajili ya baba. Mwaka 1970 baba alipiga kura ya Mobutu: karatasi ya kijani ni tumaini, karatasi nyekundu ni fujo, na unachagua watu wanakutazama. Baba alichukua kijani. Alimwambia mama kwamba mkono ulijiendea wenyewe. Basi mama alitaka amwone mtoto mmoja wa baba akiingia nyuma ya lile kadibodi, mahali ambapo hakuna anayemwona, atoke.

Mimi alikuwa hajaniona. Mara yangu ya kwanza, 2014, nyinyi mlikuwa bado kambini. Na wewe nilikufanya ukaonekana na ukumbi mzima.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwambie." Sasa nimekuambia, imenichukua muda gani unajua mwenyewe.

Ulihamia ng'ambo ya mto, kwa hiyo si mtu wa jimbo langu tena. Huko ni Saint-François, ambako Monique Gagnon-Tremblay wa Liberal alikaa toka 1985 hadi 2012. Zaidi ya hapo ya huko utanisimulia wewe, na nitasikiliza bila kukukatiza. Uchaguzi wa mkoa ni tarehe 5 Oktoba 2026. Wakinipigia simu tena kwa kazi ya mezani nitawakatalia. Nitapiga yangu ya mapema, halafu siku yenyewe, ukikubali, nitakuja kukuchukua kwa gari pamoja na shemeji. Kitenge cha mama kiko kwangu, nitakileta. Nitaegesha ng'ambo ya barabara, mkabala na shule. Nyinyi mtaingia. Mimi sitashuka.

Kaka yako