Barua kwa Mama Neema kuhusu rangi ya sebule

Tanga,
14 Juni.

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka kwetu; sisi sote tu wazima. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia kwamba nyumba ya Dodoma imefikia hatua ya rangi, ambayo wajenzi wengi huifikia fedha ikiwa imekwisha na subira pia. Unaniuliza kama kahawia ya udongo italeta giza sebuleni, kama anavyohofia shemeji. Jibu langu ni kwamba uipake bila wasiwasi, ila usiichague dukani kwa kuangalia kadi ya rangi. Ichague ndani ya sebule yenyewe, kwa mwanga wake na mbele ya mbao ulizonazo.

Hofu ya shemeji ina msingi, kwa sababu ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoufikia, ilhali kahawia nzito huumeza. Lakini kati ya nyeupe na kahawia nzito kuna vivuli vingi, na kwa sebule yenye baraza pana mbele ya madirisha kama yako ningechukua cha katikati, kile cha ukuta wa tembe la Wagogo uliokauka vizuri: kahawia hafifu yenye umanjano kidogo ndani yake. Sikushauri ile yenye wekundu mwingi, na sababu ni makochi yako ya mninga. Mninga tayari una wekundu wake, na ukiuweka mbele ya ukuta wenye wekundu uleule, kochi na ukuta vinamezana na kazi nzuri ya seremala haionekani tena. Ukuta wenye umanjano, kinyume chake, huutoa mninga mbele. Milango nayo usiiguse kwa rangi, vanishi inatosha.

Fanya hivi kabla ya kununua rangi ya nyumba nzima. Nunua kopo dogo kuliko yote la kila kivuli unachokipenda, ukipake mara mbili kwenye kipande cha hadibodi chenye upana wa karibu mita moja, kisha ukiache kikauke kabisa, kwa maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi na hukolea inapokauka. Baada ya hapo kihamishe kutoka ukuta hadi ukuta, ukitazame asubuhi, adhuhuri na jioni jua linapoingia kwa dirisha la magharibi, kwani saa hizo kahawia ileile huweza kuelekea rangi ya chungwa. Mwisho kitazame usiku, taa zikiwa zimewashwa. Hapa ndipo watu wengi hulalamikia rangi wakati kosa ni la balbu. Balbu nyeupe tulizozizoea madukani, ambazo kwenye boksi lake huandikwa 6500K, huifanya kahawia ionekane ya kijivu na iliyopooza. Ile ya 2700K au 3000K, yenye mwanga wa manjano, huirudishia joto lake. Badilisha balbu kwanza, ndipo uamue.

Kuhusu kupauka, ambako umekugusia kwa sababu ya jua la huko, kahawia ina nafuu kuliko rangi nyingi. Rangi za udongo hupata kahawia yake kutokana na oksidi za chuma, na zile nzito zaidi huwa na manganizi pia, na oksidi za chuma hazipauki upesi kwa jua. Oksidi hizo ndizo zilizowapa wekundu wao wanyama na watu waliochorwa miambani huko Kolo, Kondoa, michoro ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006 baada ya kukaa miambani kwa karne nyingi. Kwa hiyo ukuta wako wa magharibi usikutie hofu.

Kinachonitia hofu mimi ni plasta. Ukuta mpya uachwe wiki nne hivi ukauke kabla ya kupakwa chochote, na kama mafundi walitumia maji ya kisima yenye chumvi, utazame kwa makini zaidi, kwa sababu chumvi hujitokeza juu kama unga mweupe, na unga huo ambao kwenye ukuta wa krimu usingeuona, kwenye kahawia utaonekana kutoka mlangoni. Uondolewe kwa brashi kavu, wala si kwa maji, maana maji huuyeyusha na kuurudisha ndani. Kisha kuta zisawazishwe kwa pati na kupigwa msasa, huku fundi akimulika taa kutoka ubavuni ili kila bonde lionekane. Rangi inayong'aa itayaonyesha mabonde hayo yote, na isiyong'aa kabisa hubaki na michubuko myeupe kila mtoto anapoburuza mkoba wake ukutani, hivyo omba yenye mng'ao hafifu.

Kwa kiasi, sebule ya mita 5 kwa 4 yenye kimo cha mita 2.7 ina karibu mita za mraba 40 za kupaka ukishatoa milango na madirisha. Lita moja hupaka mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili itahitaji lita 8. Nunua makopo matatu ya lita 4, yote yachanganywe siku moja kwenye mashine moja, na fundi ayamimine pamoja katika ndoo kubwa kabla ya kuanza; vinginevyo utaona mahali kopo la kwanza lilipoishia. Kitakachobaki kifunikwe vizuri kwa ajili ya marekebisho.

Dari ya jipsamu ipakwe krimu badala ya nyeupe kali. Mtindo wa kupaka ukuta mmoja tu wa nyuma ya televisheni, samahani, siupendi. Mimi huona kama fundi aliishiwa rangi. Korido lako halina dirisha, kwa hiyo huko baki na krimu.

Mapazia usiyanunue bado. Hadibodi ikishakuridhisha, nikatie kipande chenye ukubwa wa daftari unitumie kwa basi, nami nitazunguka nacho kwenye maduka ya vitambaa hapa mjini, kisha nikupigie simu kabla sijalipa. Unitajie pia urefu wa madirisha kuanzia kwenye fimbo hadi sakafuni.

Msalimie sana shemeji, na Neema mwambie shangazi yake anamkumbuka.

Wako akupendaye,
Mama Zuberi