Mheshimiwa Diwani, kombe liache, tujengee choo

Mheshimiwa Diwani,

Kwa umri wewe ni mwanangu, kwa cheo u mkubwa wangu, basi salamu tugawane. Kwanza nakushukuru. Siku tunamzika mke wangu ulifika mapema na buti zako, ukashika jembe bila kumsubiri mpiga picha. Wazee waliliona hilo. Ndaga fijo, asante sana.

Ulipopewa nafasi ya kutoa salamu za kata, ulisema utaanzisha Kombe la Bibi Kipenga, kila mwaka, na bingwa atapewa ng'ombe. Watu walipiga makofi. Nami niliinamisha kichwa, maana msibani habishaniwi mtu. Sasa matanga tumeanua, wanangu wamerudi makazini, na kwa kuwa uliahidi hadharani nami nakujibu hadharani. Kombe hilo usilete.

Nieleze kwanza alikuwa mtu wa namna gani, maana wewe ulimkuta tayari ni bibi.

Wengi mlimjua akiwa na kipenga mdomoni. Mimi nilimkuta kwenye mizani. Alikuwa karani wa kupima majani mabichi ya chai, na mkulima wa chai hapa Rungwe ana mbinu zake: unayanyunyizia majani maji kidogo njiani, kikapu kinaongezeka uzito. Yeye alikuwa akichota konzi moja, anaiminya, na maji yakichuruzika kwenye vidole anasema kwa upole, "Kayaanike kwanza, baba, halafu urudi." Mjomba wangu mzazi alirudishwa hivyo mbele ya foleni nzima. Harusini kwetu hakukanyaga. Alikuja kwenye ubatizo wa mtoto wa pili, na hata siku hiyo chai hakunywa.

Michezo ilimwingia akiwa binti mdogo, mwaka 1974, redio ilipotangaza kwamba Filbert Bayi ameshinda mita 1,500 kule Christchurch na kuweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Kilichomkaa moyoni ni namna Bayi alivyokimbia: aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho, wenzake wakamfukuza bila kumpata. Habari hiyo wajukuu wote wanaijua kwa moyo, pamoja na zile desimali.

Halafu ikaja 1986, Tukuyu Stars wakawa mabingwa wa Tanzania, Simba na Yanga wakiwa nyuma yao. Kijana wa leo ukimwambia hivyo anadhani unamtania. Mke wangu alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia, na bado alipanda lori akaenda Mbeya kuwaona wakicheza. Mama mkwe wangu alinilaumu mimi. Nilikubali lawama, maana aliyetakiwa kumkataza yule mwanamke asiende mpirani alikuwa hajazaliwa. Mbeya City nao walipopanda Ligi Kuu na kumaliza msimu wa 2013/14 nafasi ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, aliwanunulia wajukuu jezi za zambarau. Yake aliivaa kanisani ndani ya sweta, akidhani mchungaji haoni.

Ila mchezo wake hasa ulikuwa netiboli. Nguzo zile mbili pale uwanjani kwetu ni mikaratusi ya shamba letu. Alimsimamia fundi na tepu mkononi mpaka zikatimia futi kumi juu ya ardhi, na ringi aliichomelesha kwa nondo. Alicheza mpaka magoti yakakataa, ndipo akawa refa. Mchezaji haruhusiwi kukaa na mpira zaidi ya sekunde tatu, na yeye alizihesabu zile tatu kwa midomo bila sauti. Mabinti wa kata hii wamekua wakiitazama midomo ile kuliko mpira wenyewe.

Mheshimiwa, sasa nafika kwenye jambo langu.

Kila mechi alikuja na chupa kubwa ya chai, ile nyekundu. Aliwamiminia watu wote waliokaa karibu naye, hata wazee wa timu ya upande wa pili. Kikombe chake mwenyewe hakikuwemo. Siku ya mechi hakunywa chochote tangu asubuhi: si chai, si maji, si uji. Sababu ni kwamba uwanja wetu hauna choo. Kuna mabati matatu kule kona ya chini, na wanaume wakizidiwa wanaingia kwenye migomba. Mwanamke anabana, au anaondoka. Yeye hakutaka kuondoka, basi alikaa na kiu yake saa nne, saa tano, huku akiwauliza wenzake kama chai imekolea.

Na hilo alilimudu kwa kuwa ni mtu mzima. Lililomuuma ni la mabinti. Kulikuwa na fainali ya netiboli hapa kwetu, yeye ni refa, robo ya tatu, magoli yanakwenda sawa. Senta wa timu moja akamsogelea akamnong'oneza. Ameingia kwenye siku zake, anaomba kutoka. Timu ilikuwa na wachezaji saba tu, akiba hakuna. Nyumba ya karibu inayoweza kumpa binti choo chenye mlango iko ng'ambo ya barabara, na mwenye nyumba alikuwa shambani. Sheria inaruhusu timu kucheza hata ikibaki na watu watano, kwa hiyo mchezo ulipaswa kuendelea bila yeye.

Yule karani aliyemrudisha mjomba wangu kwa maji kiganja kimoja alipuliza kipenga, akasimamisha saa, akatangaza kwamba mchezaji ameumia. Akavua kanga yake ya juu, akamfunga binti kiunoni, wakatoka wote wawili kutafuta mlango. Kocha wa timu ya pili alipiga kelele, na kwa sheria alikuwa na haki. Walirudi. Mechi ikaisha. Usiku ule nyumbani hakulala. Aliniambia amevunja sheria na ataivunja tena, kwa sababu waliotunga sheria za netiboli walidhani kila uwanja una choo.

Aliliongea jambo hili kwenye vikao. Aliambiwa bajeti ni finyu, aliambiwa lisubiri mwaka wa fedha ujao, na mara moja aliambiwa uwanja kwanza uwekewe majani ndipo mengine yafuate. Alikuwa mtu wa utani. Alisema mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, inagawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, yaani serikali imeshapanga kikosi cha 4-4-2, imebaki kutuonyesha mahali pa kubadilishia nguo.

Septemba 2025 alikesha na mjukuu wetu mbele ya televisheni kuangalia marathoni ya dunia kutoka Tokyo. Alphonce Simbu na yule Mjerumani, Amanal Petros, waliingia na muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha iamue. Simbu akapewa dhahabu. Kigelegele alichopiga kiliwaamsha mbwa wa kitongoji kizima. Asubuhi alikuwa anapika ndizi huku anamlinganisha Simbu na Bayi, mmoja wa kuongoza tangu mwanzo, mwingine wa kuvizia hatua ya mwisho, na akawa upande wa Bayi. Miezi michache baadaye tulikuwa naye hospitali.

Basi ng'ombe wa bingwa, vikombe, jezi zenye picha yake, spika za kukodi na chakula cha wageni, piga hesabu mwenyewe. Fedha hiyo ya mwaka mmoja tu iweke kwenye matundu manne ya choo cha wanawake. Mlango uwe na komeo la ndani. Maji yawepo, hata ya tanki la kuvuna mvua, maana mvua kwetu haijawahi kuwa shida. Chumba kimoja kiwe kipana, cha kubadilishia nguo. Kijengwe upande wa juu, karibu na barabara. Kule kwenye mabati maji hutuama Machi mpaka Mei, shimo litajaa kabla hamjazindua. Jina lake si lazima liandikwe. Angecheka sana kuona jina lake mlangoni mwa choo, ingawa nadhani angelikubali.

Familia tumekaa. Rambirambi zilizobaki tumekubaliana ziende kwenye tofali, daftari lipo na kila mchangiaji ameandikwa. Mwanangu wa kwanza ni fundi, atatoa siku zake bure. Mchanga na mawe wananchi watasomba wenyewe ukiwaita. Sisi tunaomba saruji, mabati, milango, na mtu wa afya wa kata aje aonyeshe shimo lichimbwe wapi.

Kikao cha kamati ya maendeleo ya kata kikiitishwa, nitakuja na daftari hilo. Naomba jambo hili liwe kwenye ajenda, lisiingizwe kwenye mengineyo.

Wako,
Mume wa Bibi Kipenga
Rungwe, Mbeya