Nilikusikia pale mlimani

Manchester, Connecticut
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya juzi kwenye simu niliipokea, ila baada ya pale maneno yalinipotea, ndiyo maana leo nimekaa mezani na kalamu. Baba yako amelala, jana alifanya zamu mbili. Ule mti wa mbele ya nyumba umemwaga majani yake ya mwisho wiki hii, na tangu saa zirudishwe nyuma, ikifika saa kumi na moja jioni giza limeshaingia.

Uliponiambia umejiandikisha mbio za Sikukuu ya Shukrani, nilipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu ukasema, taratibu, "Mama, mwaka ule wa baridi kali nilikuita ukanipita." Nikakujibu kwamba huenda sikusikia kwa kelele za watu.

Nilisikia. Nimeona nikwambie hilo kwanza, kisha nikueleze mengine, maana hilo peke yake utalibeba vibaya.

Sijawahi kukusimulia vizuri nilivyoanza kukimbia. Ilikuwa Septemba 2014, Jumamosi asubuhi, natoka zamu ya usiku kule kwenye nyumba ya wazee. Usiku ule bibi niliyemhudumia miezi minane alifariki. Nilimwosha, nikamchana nywele, nikamfunika shuka, nikatoka kwenda kupanda basi. Njiani basi likasimama. Polisi alikuwa amefunga barabara kupisha mbio za mtaani, zile za kilomita 5 za kuchangia maktaba. Abiria wakaanza kunung'unika. Mimi nikashuka, nikaamua kwenda kwa miguu.

Nikatembea kando ya wakimbiaji nikiwa na sare zangu za kazi. Walionipita hawakuwa wale wa kwenye televisheni. Walikuwa wazee, akina mama wanasukuma watoto kwenye vigari, baba mmoja mwenye mguu wa bandia. Nikafika kwenye meza ya maji. Kuna binti pale, umri wako wa wakati ule, akaninyooshea kikombe cha karatasi huku akiniambia, "Jikaze, umekaribia!" Nilipokea. Nikanywa. Usiku kucha hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza kama nina kiu. Baada ya kunywa sikuweza tena kutembea mbele ya macho ya yule mtoto, nikakimbia mpaka kwenye kona. Yapata mita 200. Nilipofika kwenye kona sikusimama.

Ujue mimi niliwahi kukimbia. Sekondari kule Tanga nilikimbia mita 1500, nikafika mpaka mashindano ya UMISSETA ya mkoa, ile michezo ya shule za sekondari. Babu yako ndiye aliyenitia moyo huo. Alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge, haendi popote bila redio yake. Novemba 1989, Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa aliposhinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, babu alisimulia habari ile wiki nzima kama vile alikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi. Akachora njia kwa fimbo kwenye mchanga, madaraja na yote, ingawa New York hakuwahi kuiona hata kwa picha. Nilipokuja kuishi huku, saa chache tu kwa gari kutoka barabara zile, yeye alikuwa ameshafariki na mimi nilikuwa nimeshaacha kukimbia miaka mingi.

Basi ndiyo zikaanza zile Jumamosi zako za kungoja. Nazikumbuka zote, usidhani sikuziona. Nilikuwa nakupeleka kwa Mama Mkubwa, jirani yetu Mkongo, ukiwa bado na usingizi, na blanketi lako mkononi. Kwetu nyumbani vuli ni mvua, ardhi inalowa na kuchipua. Huku kipindi hichohicho kila kitu kinavuliwa nguo. Mbio nazo ndipo zinapojaa: kila kanisa, kila kituo cha zimamoto, kila shule ina mbio zake kuanzia Septemba. Unabandika namba kifuani kwa pini nne, vidole vimekufa ganzi. Unasimama na watu usiowajua, pumzi zinatoka kama moshi wa jikoni. Oktoba miti ya huku iitwayo maple inageuka rangi, nyekundu kama pilipili iliyoiva, na majani yakilowa mvua yanateleza kuliko sabuni. Kokwa za mwaloni nazo zinatapakaa barabarani, ukikanyaga vibaya kifundo cha mguu kimekwenda. Niliteguka mara moja, mwaka 2016, nikakwambia nimeteleza kazini. Nilihofia baba yako atasema niache.

Mwaka 2017 nilikimbia nusu marathoni ya Hartford. Ile inaishia Bushnell Park, unapita chini ya tao kubwa la mawe walilojenga kuwakumbuka askari wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Kilomita 21 na ushei. Kilomita ya 17 kichomi kilinishika ubavuni, nikatembea, nikakimbia, nikatembea. Pale kwenye tao mzee mmoja nisiyemjua alinishika mkono, tukavuka naye mstari.

Mwanzoni kabisa, kwenye mstari wa kuanzia, watu walikuwa wananiuliza kama natoka Kenya. Nikijibu Tanzania, wanasema basi sogea mbele, kwa nini umejificha huku nyuma? Walisema kwa wema, lakini iliniuma, kwa sababu walikuwa wananiona kama mtu wa redio ya babu na si mimi. Baadaye nikazoea kuwajibu kwamba nimetoka kazini sasa hivi. Ikawa kweli nyingine ambayo walikuwa hawaijui, na wengi wao wakaanza kunieleza kazi zao.

Lakini mbio nilizozipenda kuliko zote ni hizi za kwetu hapa Manchester. Maili 4.748, kwa hesabu yetu kama kilomita 7 na mita 640, Alhamisi ya Shukrani saa nne asubuhi. Zilianza 1927 na watu 12. Sasa hivi Main Street inajaa maelfu kwa maelfu, wengine wamevaa kama bata mzinga, na watu wa mji mzima wamesimama kando ya barabara kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kuna mzee anaitwa Amby Burfoot, alishinda mbio hizi mara tisa, na ndiye aliyeshinda marathoni ya Boston mwaka 1968, naye alikimbia hapa kwa zaidi ya miaka 50 mfululizo, kasi ikipungua mwaka hadi mwaka na yeye anakuja tu.

Na kuna mwingine ambaye nataka umjue kabla hujavaa namba yako. Mwaka 1961 binti wa chuo, Julia Chase, mtoto wa Connecticut hii hii, alikuja kukimbia hapa. Alikuwa na miaka 19. Wakati huo wakuu wa riadha Marekani walikuwa hawaruhusu wanawake kukimbia masafa marefu barabarani. Hata kwenye Olimpiki ya 1960 mbio ndefu kuliko zote za wanawake zilikuwa mita 800 tu, na marathoni yao haikuingia Olimpiki mpaka 1984. Walimtisha kwamba watamfungia. Akaja, na wanawake wengine wawili wakakimbia siku hiyo. Matokeo yao hawakuyahesabu, lakini Julia alimaliza akiwa amewaacha wanaume kadhaa nyuma. Baadaye akawa daktari wa magonjwa ya akili. Mwaka 2011, akiwa na miaka 69, alirudi akakimbia tena njia ileile. Mimi kila nikisimama pale Main Street namkumbuka huyo kabla ya Ikangaa, babu anisamehe.

Sasa 2018.

Mwaka ule bibi yako, wewe uliyebeba jina lake, alifariki Agosti kule Muheza. Karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa bado ofisini, ningetoka nisingerudi. Mama yangu nilimzikia kwenye simu. Mjomba wako aliishika juu ya kaburi, na walipoanza kufukia mtandao ukakatika. Sikukaa matanga. Arobaini ilipofika nilikuwa zamu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ukaniuliza kama nimelia, nikakwambia mimi ni mkubwa.

Asubuhi ile ya Shukrani ilikuwa baridi ambayo hata wenyeji waliiogopa. Upepo ulikuwa unakata midomo. Maji waliyomwaga wakimbiaji yaliganda barabarani. Wakati huo Mkenya Edward Cheserek alikuwa anashinda huko mbele, mimi nilikuwa bado sijaingia Charter Oak Street. Unakata pale kushoto, unakwenda kidogo, halafu Highland Street inaanza kupanda, na inapanda kwa muda mrefu kuliko unavyodhani ukiwa kwenye gari. Watu pale mlimani wanapiga ngoma, wanapiga sufuria, wanakuita utadhani ni mtoto wao. Mimi niliyekuwa nimeishi mji huu miaka sita bila mtu kuniita barabarani, niliitwa mlima mzima.

Na hapo ndipo machozi yalipotoka, yale ya tangu Agosti. Nilikuwa napanda nikisema "mama, mama", kila hatua neno hilo, wala sikujua kama nalisema kwa sauti. Ndipo nikasikia "Mama!" Nikageuza macho nikakuona na kofia yako nyekundu, umesimama kwenye ule uzio mweupe na Mama Mkubwa, mikono umeifutika kwapani. Ulikuwa unaniita neno lilelile nililokuwa namwita yeye. Nikajua nikisimama nitaanguka miguuni pako, na wewe utaona uso ambao nilikuficha miezi mitatu. Nikapita.

Nilipofika juu niligeuka. Nyuma yangu ulikuwa ni umati tu, kofia nyekundu ziko mia. Nikateremka Porter Street, nikamaliza, wakanipa blanketi la karatasi ya fedha, na nikarudi kwa miguu njia ileile kukutafuta, watu wanakuja mbele yangu mimi nakwenda kinyume. Mama Mkubwa alikuwa ameshakuondoa kwa ajili ya baridi. Nilikukuta umelala kwenye kochi na buti miguuni. Nilikuvua. Nikaingia jikoni nikapika pilau, na yule bata mzinga tukamkatakata humo, ukala sahani mbili, nikajiambia mtoto amesahau.

Miaka saba hujasahau. Nilipaswa kusimama. Ningelia mbele yako na dunia isingeanguka, na wewe ungejua bibi yako alikuwa analiliwa. Nisamehe, mama.

Sasa kuhusu Alhamisi ya tarehe 27, nisikilize kama mtu aliyepanda mlima ule mara nyingi. Usitoke mbio pale Main Street, barabara ni pana na muziki utakudanganya. Vaa nguo mbili nyepesi kuliko moja nzito. Highland ikianza fupisha hatua, tazama mgongo wa mtu wa mbele, usitazame kilele. Porter Street ni mteremko mkali, usiuzuie kwa magoti. Ukishaingia East Center Street umebakiza kona ya Main Street tu.

Wewe utakuwa mbele kuliko mimi, miguu yako ni ya bibi, mirefu. Ukitaka tukimbie pamoja sema, ukitaka kwenda kwa kasi yako nenda. Ila mimi nikifika kwenye uzio mweupe nitasimama, hata kama umeshapita zamani.

Zile glavu zako ndogo nilizikuta kwenye droo leo, vidole vyangu viwili tu ndivyo vinaingia. Nimekununulia nyingine. Basi lako linaingia Hartford Jumatano saa moja na nusu jioni, nitakuwa stesheni kuanzia saa moja. Njoo na soksi nzito, za huku zote baba yako anazivaa kazini.

Mama yako