Barua ya Kufunga Muhula: Watoto Tunaowaalika Wakati wa Likizo

Wapendwa wazazi na walezi,

YAH: USALAMA NA DHIMA KATIKA SHEREHE ZA LIKIZO YA MAJIRA YA JOTO

Poleni na majukumu, na asanteni kwa ushirikiano wenu muhula mzima. Ripoti za wanafunzi zimo kwenye bahasha iliyokuja na barua hii, pamoja na maelezo ya ada na sare, kwa hiyo sitayarudia hapa.

Nina ombi moja. Likizo hii watoto wetu watakuwa wakialikana: sherehe za kuzaliwa, mahafali, harusi, matembezi ya ufukweni, kulala kwa marafiki. Wengi watashinda kwenye nyumba zisizo zao, wakitunzwa na watu wasio wazazi wao. Ninaomba kila sherehe iwe na mtu mzima anayejulikana kwa jina kwamba saa hii watoto wako mikononi mwake. Kwenye sherehe watu wazima huwa wengi, na hapo ndipo mtoto anapoponyoka, maana kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia.

Majini ndiko ninakoogopa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 hufa maji kila mwaka, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa kimeshaingia majini na pumzi ya kuita hana, kwa hiyo anaweza kwenda chini huku watu wakipiga soga hatua tatu kutoka alipo. Kwa mtoto mdogo, hata beseni lenye maji ya sentimita chache linatosha kumuua.

Tunapowapeleka wanafunzi kuogelea, mwalimu wa zamu hufungwa kitambaa chekundu mkononi. Akiwa nacho hagusi simu, hali chakula, wala haanzishi mazungumzo. Baada ya robo saa hukifungua, humfunga mwenzake, humtazama usoni na kumwambia, "Nakukabidhi watoto kumi na wawili." Anayepokea huwahesabu kwanza, kichwa kwa kichwa, ndipo anajibu, "Nimewapokea." Nawasihi mfanye hivyo hivyo. Kitambaa chochote kinafaa. Maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi yasimpe mtu yeyote ruhusa ya kugeuza shingo, na bwawa la plastiki la watoto limwagwe maji mara wanapotoka.

Jambo la pili ni yale maputo makubwa ya kurukia yanayokodishwa kwa sherehe. Mwezi Desemba 2021, mjini Devonport katika kisiwa cha Tasmania, Australia, shule ya msingi ilikuwa ikisherehekea kufunga mwaka. Upepo wa ghafla ulilinyanyua puto la kurukia likiwa na watoto, na sita kati yao walipoteza maisha. Kila nikikaribia kufunga muhula huwakumbuka. Viwango vinavyotumika Ulaya vinataka puto la nje lifungwe ardhini kwa nanga zisizopungua sita, na lisitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Mkikodisha, ziangalieni nanga kwa macho yenu kabla mtoto wa kwanza hajapanda, mwulizeni mwenye puto anapima upepo kwa kifaa gani, na msione haya kusitisha matumizi yake katikati ya sherehe. Watoto watanuna, na kununa huisha.

Kuhusu moto nitasema kwa ufupi. Fataki zile za kushika mkononi, tunazowapa hata watoto wadogo kwa kuwa zinaonekana hazina madhara, huwaka kwa joto linaloweza kuzidi nyuzijoto 1,000. Mtoto akiungua, tieni jeraha chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu, siagi na dawa ya meno huongeza madhara. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani mvua ikianza kunyesha, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Wazazi kadhaa wameniuliza: likitokea la kutokea nyumbani kwangu, nani atawajibika? Sheria hutofautiana nchi na nchi, na wa kuwapa jibu kamili ni mwanasheria. Ila kuna msingi ambao kila mwenyeji anafaa kuujua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1957 kuhusu dhima ya mwenye eneo inamtaka mwenye nyumba atarajie kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Ngazi iliyovunjika ambayo mgeni mzima ataiona na kuikwepa, mtoto ataikimbilia, na mwenye nyumba alipaswa kulifikiria hilo mapema. Kwa hiyo msijifiche nyuma ya tangazo la ukutani linalosema "hatuhusiki na ajali yoyote", wala karatasi iliyotiwa saini na mzazi mwenzenu. Kinachowalinda, mbele ya mahakama na mbele ya dhamiri zenu, ni yale mliyoyafanya kabla wageni hawajafika: lango la bwawa lilifungwa, mbwa alifungiwa, dawa ziliwekwa juu, mtu wa zamu alikuwepo. Kama nyumba ina bima, isomeni muone inagusa wageni au la, na inasema nini kuhusu vifaa vya kukodi.

Pombe nayo ina kesi zake. Mwaka 1984, Mahakama ya Juu ya New Jersey, Marekani, iliamua kwamba mwenyeji anayeendelea kumnywesha mgeni aliyelewa, akijua ataendesha gari, anaweza kudaiwa fidia na watu atakaowagonga. Mwaka 2006, Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kumbebesha mwenyeji mzigo kama huo katika kesi iliyokuwa mbele yake. Majaji wametofautiana, lakini sisi wenye watoto hatuna cha kusubiri. Mgeni aliyelewa asipewe mtoto wa mtu yeyote kumrudisha nyumbani, awe mjomba, awe nani. Na kwa vijana wetu wa madarasa ya juu, msikubali ile hoja ya "bora wanywe mbele yetu". Mnapowapa pombe watoto wa wenzenu mnaweza kuvunja sheria, na kwa hakika mnavunja imani ya waliowaamini.

Ninyi mnaoalikwa pia mna wajibu. Kabla ya kumruhusu mtoto, tuma ujumbe na uulize bila kuona aibu: "Nani atakuwa na watoto? Kuna bwawa? Nani atawarudisha, na saa ngapi?" Mweleze mwenyeji mzio wa mtoto wako na dawa anazotumia, tena kwa maandishi. Mwenyeji muungwana hatakasirika. Akikasirika, mwacheni mtoto abaki nyumbani siku hiyo.

Nyuma ya barua hii kuna fomu fupi: nambari mbili za simu za dharura, mzio, dawa, na majina ya watu wazima walioruhusiwa kumchukua mtoto. Tafadhali ijazeni nakala mbili. Moja irudi kwa mwalimu wa darasa kabla hatujafunga. Ya pili mwe nayo nyumbani, mmkabidhi kila mwenyeji atakayempokea mtoto wenu likizo hii.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu