Tuwafundishe vijana kuitafuta saa ya taima kabla ya kugusa namba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaofundisha maikrokontrola (chipu ndogo zinazoendesha vifaa) vyuoni na kwenye karakana za vijana. Kanuni ya taima, yaani kihesabio cha mapigo kilicho ndani ya chipu, tunaifundisha vizuri: chukua masafa ya saa (idadi ya mapigo kwa sekunde), gawa kwa PSC+1, kisha gawa kwa ARR+1; PSC ni namba ya kupunguza mapigo, ARR ni kikomo cha kuhesabu. Swali tunaloliruka ndilo la kwanza: hayo masafa ya saa ni yapi? Mwanafunzi anaandika namba kubwa aliyoikuta kwenye maelezo ya chipu, mota ya servo inatetemeka, naye anabahatisha namba nyingine mpaka itulie. Siku akibadilisha chipu anaanza upya.

Tuichukue STM32F103C8, iliyo kwenye bodi za Blue Pill. Kristali ya nje ni 8 MHz, na PLL, saketi ya kuzidisha masafa, inaizidisha mara 9 kuwa 72 MHz. Kutoka hapo mapigo huenda kwenye njia mbili za ndani: APB2, inayoruhusiwa kufika 72 MHz, na APB1, isiyotakiwa kuvuka 36 MHz. Kujua taima iko njia ipi hakuhitaji kukariri. Tazama anwani yake kwenye ramani ya kumbukumbu: kuanzia 0x40000000 ni APB1, kuanzia 0x40010000 ni APB2. Taima ya TIM3 iko 0x40000400, kwa hiyo ni ya APB1, pamoja na TIM2 na TIM4. TIM1 iko 0x40012C00, ni ya APB2.

Wengi hupotea hapa. APB1 ikiwa na 36 MHz, TIM3 haihesabu kwa 36. Kigawanyo cha njia (namba inayogawa ile 72 MHz kabla ya kuingia njia hiyo) kikiwa 1, taima hupata masafa yaleyale ya njia. Kikiwa kingine chochote, hupata mara mbili yake. Hapa kigawanyo ni 2, basi TIM3 inapata 72 MHz. Kigawanyo kikiwekwa 4, njia inabaki na 18 na taima inapata 36. Ndiyo sababu amri ya maktaba ya HAL_RCC_GetPCLK1Freq inawaponza watu: jibu lake ni la njia, si la taima. Kigawanyo chenyewe kisomwe kwenye rejista RCC_CFGR (sehemu ya chipu inayoshika mipangilio ya saa), biti ya 8 hadi ya 10 kwa APB1, ya 11 hadi ya 13 kwa APB2. Biti ya juu ikiwa 0, hakuna kugawa. 100 ni kugawa kwa 2, 101 kwa 4, 110 kwa 8, 111 kwa 16.

Kisha ipimwe, maana rejista haikuambii kama kristali iliyobandikwa ni ya 8 MHz kweli. Weka PSC 71, ARR 999 na CCR1 (urefu wa pigo) 500, utoe PWM, yaani mapigo ya kuwaka na kuzima, ya TIM3 kwenye pini PA6. Multimita yoyote yenye kipimo cha Hz inatosha. Zidisha unachosoma kwa 72,000 (yaani 72 × 1,000) upate saa halisi ya taima. Ukisoma 1,000 Hz, uko kwenye 72 MHz. Ukisoma 500, APB1 imegawanywa kwa 4. Ukisoma karibu 889, PLL inalishwa na saa ya ndani badala ya kristali, na mwisho wake ni 64 MHz. Ukisoma 111 hivi, kristali imegoma: SystemInit (sehemu ya programu inayopanga saa mwanzoni) ya maktaba za zamani haisimamishi programu, inaendelea kimya kimya na saa ya ndani ya 8 MHz, na kila kitu kinakwenda polepole mara 9. Biti ya 2 na ya 3 za RCC_CFGR zitathibitisha: 00 ni saa ya ndani, 10 ni PLL.

Kama ni mzunguko wa kwanza tu uliokosea, saa haina kosa. PSC mpya haifanyi kazi hadi taima ijisasishe, kwa hiyo washa biti ya UG, inayolazimisha kujisasisha, kwenye rejista ya EGR kabla ya kuanza kuhesabu.

Ukihamia STM32F407 ya 168 MHz, hesabu hubadilika. Kwa mpangilio wa kawaida TIM3 inapata 84 MHz na TIM1 inapata 168. PSC 83 na ARR 19999 huipa servo 50 Hz kwenye TIM3. Zipeleke TIM1 bila kubadili, unapata 100 Hz, na pigo la mikrosekunde 1,500 linakuwa 750. Hata biti za vigawanyo zimehama: ya 10 hadi ya 12 kwa APB1, ya 13 hadi ya 15 kwa APB2. STM32F429 inaongeza biti ya TIMPRE, ambayo ikiwashwa inabadilisha kanuni ya mara mbili.

Nawaomba watunzi wa mazoezi wadai kwenye ripoti, kabla ya mstari wowote wa programu, njia nzima kutoka kristali hadi taima, na kipimo cha pini kando yake. Taima hizihizi ndizo zinazofungua pampu ya dawa na kugeuza mayai kwenye mashine ya kutotolea.

Mkufunzi wa elektroniki,
Arusha