Wanafunzi wa hisabati na kompyuta wasisubiri Machi

Mhariri,

Kila mwaka ikifika Machi, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa hisabati na kompyuta hujaa tangazo moja: maombi ya Google Summer of Code yamefunguliwa. Wengi huandika pendekezo usiku mmoja na kulituma. Wakikosa, husema nafasi hizo zina wenyewe.

Kweli zina wenyewe, nao ni wale walioanza Novemba. Mpango huo, ulioanza mwaka 2005, hulipa posho mtu anayefanya kazi kwa mbali kwenye mradi wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Miradi huchagua watu ambao kazi yao imeshaonekana, na GPA nzuri haizibi pengo hilo.

Kwa mwanafunzi wa hisabati ningependekeza aanze na SymPy, maktaba ya msimbo ya lugha ya Python inayokokotoa kwa alama: kurahisisha milinganyo, kutafuta intigrali, na kadhalika. Mradi huu humtaka kila mwombaji awe na walau badiliko moja lililokubaliwa na kuingizwa kwenye programu. Wakaguzi wengi wanajitolea, hivyo hata badiliko la mistari mitano laweza kukaa wiki kadhaa bila kuguswa. Ukilituma Machi, umeshachelewa.

Hatua zenyewe si za ajabu. Tafuta kwenye GitHub, tovuti inakohifadhiwa miradi kama hii, hitilafu zilizowekewa alama ya kuwa rahisi, kisha kwanza hakikisha hakuna mwingine aliyekwisha kutuma suluhisho. Hapa ndipo wageni wengi hupoteza muda. Mwenye bando dogo aiagize git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, ipakue toleo la mwisho tu, aache historia yote ya miaka. Fanya kazi kwenye tawi jipya, yaani nakala ya pembeni ya msimbo, si kwenye tawi kuu. Andika jaribio, yaani msimbo mfupi wa kupima programu, linaloshindwa kabla ya marekebisho yako na kupita baada yake. Bila jaribio, mkaguzi hana cha kushika.

Kuna kikwazo kingine kinachowakatisha wageni tamaa bure. SymPy hukagua jina na barua pepe ya kila mchangiaji dhidi ya faili liitwalo .mailmap, lenye orodha ya wachangiaji. Anayetumia kompyuta ya maabara bila kuweka jina lake kwenye git huenda akatuma kazi kwa jina la mashine. Ukaguzi unagoma, na yeye anadhani msimbo wake ndio mbovu! Weka jina na barua pepe kabla ya kuhifadhi badiliko la kwanza, na mradi ukikutaka ujiongeze kwenye faili hilo, fanya hivyo. Usisahau pia kujaza sehemu ya maelezo ya toleo, inayoeleza watumiaji kilichobadilika. Na msimbo ulioandikiwa na akili mnemba, usioweza kuueleza mstari kwa mstari, usiutume. Swali la kwanza la mkaguzi litakuumbua.

Kuhusu muda, Google Summer of Code ina miradi ya saa 90, 175 na 350. Saa 175 kwa wiki 12 ni karibu saa 15 kwa wiki, zinabebeka pamoja na masomo. Saa 350 ni karibu 29 kwa wiki, na anayezichagua huku mitihani ya muhula ikimngoja anajitafutia balaa.

Wanaopenda mashindano wana ICPC, shindano la kimataifa la kuandika programu kwa timu za vyuo vikuu: watu watatu, kompyuta moja, saa tano, na kila jibu lililokataliwa huongeza dakika 20 za adhabu kwa swali mtakalolitatua baadaye. Kwa hiyo jizoezeni kuandika suluhisho kwenye karatasi wakati mwenzenu yuko kwenye kibodi. Timu nyingi changa hufanya mazoezi kila mtu na laptopu yake, kisha siku ya siku hugombea kiti.

Kwa idara zetu nina ombi moja: mchango uliokubaliwa kwenye mradi kama huo uhesabiwe kuwa mafunzo kwa vitendo. Kila badiliko lina tarehe, jina la aliyelifanya na maoni ya mkaguzi, tena mbele ya macho ya kila mtu. Ni ushahidi mzito kuliko daftari la kumbukumbu lililogongwa muhuri siku ya mwisho na ofisi iliyomtuma mwanafunzi kubadili wino wa printa kwa wiki nane.

Mhadhiri wa kompyuta,
Morogoro