Dawa Zako Zimefika, Sijazimeza

Mwanangu Aikande,

Marahaba. Mzigo umefika salama, kondakta kaukabidhi kama ulivyomwelekeza, na wale dagaa wameshaanza kupungua. Zile antibayotiki ulizonitumia kwa ajili ya kikohozi changu nimeziweka juu ya kabati. Sijazimeza na sitazimeza. Kabla hujashika simu kunigombeza, soma kwanza mpaka mwisho, maana kwenye simu huwa unanikatiza, na mimi nikibishana nakohoa.

Najua umetumia fedha, na najua ulivyohangaika uliposikia sauti yangu. Huyo muuza dawa wa huko Mwanza alikwambia hizi ni kali, hakuna kifua kinachozishinda. Hapo ndipo tunapoachana, yeye na mimi. Hakuna dawa iliyo kali kwa kila kijidudu. Ipo inayoua hiki na kile kingine isikiguse kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza dawa gani, inabidi tujue kilichomo kifuani mwa mama yako ni kitu gani, na hilo haliwezi kujulikana kwa kusikiliza kikohozi kwenye simu.

Ulikuwa mdogo nilipougua kifua kikuu. Pengine unachokumbuka ni kwamba ulilelewa kwa bibi Marangu kwa muda, ukarudi unaongea Kichaga kuliko sisi. Nilitibiwa Kibong'oto, hospitali iliyoanzishwa 1926 kwa ajili ya ugonjwa huo huo, nikameza dawa miezi minane kama ulivyokuwa utaratibu wa enzi zile. Siku hizi TB ya kawaida ni miezi sita. Nilipona kweli. Lakini makovu hayakuondoka. Picha ya CT niliyopigwa hospitali ya KCMC inaonyesha mirija ya hewa ya pafu la kulia imetanuka na kulegea, haina tena nguvu ya kusukuma makohozi nje. Shangazi yako akirudia habari zake za kurogwa, mwambie ugonjwa huu wa mirija kutanuka, bronkiektasisi kwa jina la kitaalamu, ulielezwa mwaka 1819 na Laennec, yule daktari Mfaransa aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua. Wachawi wa Uru hawakuwa na habari.

Makohozi yakikaa mahali pamoja, vijidudu vinazaliana humo. Mimi ninavyo hata siku ninazopanda mlima kwenda kanisani bila kupumzika njiani. Havitaisha vyote, na daktari wangu hajaribu kuvimaliza. Anachotaka ni kuvituliza vinapochachamaa. Ndiyo maana kukohoa peke yake si sababu ya kunipa antibayotiki. Nikikohoa kila asubuhi, hiyo ni kawaida yangu. Tunaangalia mabadiliko: makohozi yameongezeka, yamebadilika rangi au yamekuwa mazito kuliko siku zote, pumzi imekuwa fupi, mwili umechoka au una homa, na hali hiyo imedumu siku mbili au zaidi. Nina daftari la hayo mambo. Ukarani haujanitoka. Nikitema damu, hapo sisubiri siku mbili, naenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye makohozi yenyewe, usiniambie habari hizi zinakutia kinyaa, nimekufuta mengi. Nimekaa kwenye ushirika wa kahawa mpaka nikastaafu, na sijaona hata siku moja gunia likinunuliwa mnadani bila sampuli yake kuchotwa, kukaangwa na kuonjwa. Kikohozi kwa nje ni gunia tu. Sampuli ni makohozi, na inachotwa kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu ukishameza dawa, hata kidogo, maabara wanaweza wasioteshe kitu na mkadhani kifua ni safi. Nasukutua kinywa kwa maji asubuhi, navuta pumzi ndefu mara kadhaa, nakohoa kutoka chini kabisa. Mate hayafai. Kikopo kinapelekwa mapema, hakikai dirishani mpaka jioni.

Maabara wanafanya mambo mawili. La kwanza ni kupima TB kwa mashine ya GeneXpert, kwa sababu mtu aliyewahi kuugua anaweza kuugua tena. La pili ni kuotesha. Wanayapanda makohozi kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, vikiota wanavitambua, wanavipanda upya kwenye kisahani kingine, halafu wanaweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Pale dawa inapofanya kazi, kuzunguka ile karatasi panabaki peupe, hakuna kilichoota. Pale isipofanya kazi, vijidudu vinaota mpaka ukingoni mwa karatasi. Nilionyeshwa na kijana mmoja wa maabara, mpole sana, bado hajaoa. Majibu huchukua siku kama tatu hivi. Nikiwa mgonjwa sana hawaniachi nisubiri. Daktari anaangalia majibu ya mara iliyopita, ananianzishia dawa kwa kufuata hayo, kisha mapya yakija anaendelea nayo au anaibadilisha.

Kilichoota kwangu kinaitwa Pseudomonas. Andika mahali, ili siku nyingine mtu akiniandikia dawa wewe uwe unajua. Kijidudu hiki amoksilini haikigusi. Ile amoksilini iliyochanganywa, ya bei kubwa, nayo haikigusi. Azithromaisini uliyonitumia haikiui. Hata seftriaksoni, ile sindano ambayo kila mtu mjini hapa akiikosa anaona hakutibiwa, haikiwezi. Jirani yetu mmoja alichomwa sindano hizo siku saba kwenye zahanati fulani kwa kifua kama changu, akatoka na mkono umevimba na kikohozi kile kile. Si kwamba sindano ni mbaya. Ina vijidudu vyake, na chake hakikuwa kimojawapo.

Kwa vidonge, kinachobaki ni sipro, yaani siprofloksasini, na ndugu yake levofloksasini, ambao ni familia moja. Basi. Hakuna kingine cha kumeza nyumbani. Kijidudu kikishaizoea familia hiyo, kinachofuata ni sindano za mishipani, nimelazwa wodini, dripu mkononi, na wewe unaomba ruhusa kazini kuja kuniuguza. Nadhani sasa unaona kwa nini niliiona sipro ndani ya mzigo wako nikaogopa badala ya kufurahi. Dawa ndiyo yenyewe, lakini umenitumia vidonge kumi. Mimi nikichachamaa dozi ni siku 14, vidonge viwili kwa siku. Kumi vingeniondolea baadhi ya vijidudu, vile dhaifu, na kuniachia vilivyobaki vikiwa vimeshaijua dawa.

Kuna jambo jingine ambalo huyo muuza dawa hakukwambia. Sipro na wenzake zinaipunguza TB nguvu kidogo bila kuiponya. Mtu mwenye TB akipewa kwa kubahatisha atapata nafuu ya wiki, kipimo kitachelewa kumgundua, na huku anawaambukiza walio nyumbani. Na kwa kuwa dawa za familia hiyo hiyo ndizo zinazotumika kutibu TB sugu, vijidudu vinakuwa vimeshafundishwa kuzikwepa. Ndiyo sababu kwangu GeneXpert huja kwanza. Nimelala kwenye wodi za Kibong'oto, sihitaji kuhadithiwa.

Halafu sipro ina masharti yake. Naimeza kwa maji, chai ya maziwa inasubiri saa mbili, maana maziwa yanaizuia isiingie mwilini vizuri. Dawa za kiungulia na vidonge vya damu ni hivyo hivyo, havikai nayo pamoja. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 kama mimi inaweza kuumiza kano, hasa ile ya kisigino, na hatari inazidi kama anatumia na prednisoloni, ile dawa ya steroidi. Nikisikia kisigino kinauma naacha na kurudi kwa daktari. Hayo hayakuandikwa kwenye ile bahasha ya khaki uliyozitumia.

Hiyo azithromaisini usidhani naidharau. Ina kazi yake kwa kifua kama changu, ila si ya siku tatu tatu kila nikikohoa. Wanaochachamaa mara tatu au zaidi kwa mwaka wanaweza kupewa kwa miezi mingi, mara tatu kwa wiki, kwa sababu inapunguza mchochota kwenye mirija. Lakini kabla ya kuanza lazima wahakikishe kifuani hakuna TB wala binamu zake, yaani vijidudu vingine vya ukoo mmoja na cha TB, wapime moyo kwa ile mashine ya kuchora mapigo, na waulize habari za masikio, kwa kuwa inaweza kuharibu usikivu. Daktari ameligusia hilo. Tutaona kliniki ijayo.

Baba yako mdogo aliziona dawa kabatini akataka tugawane. Nimemkatalia. Yeye kifua chake kimeharibiwa na sigara, ugonjwa ni mwingine. Akibanwa, kinachomsaidia kwanza ni pampu yake na prednisoloni ya siku chache. Antibayotiki anapewa pale makohozi yanapogeuka usaha, na kwake siku tano zinatosha, tena ya amoksilini au doksisaikilini ya kawaida tu. Tunakohoa kwenye sebule moja, tunanunua kwenye famasia moja, na dawa zetu haziingiliani. Amenuna tangu Jumapili.

Nimemhadithia habari ya Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945 aliwatolea watu mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo, ananunua penisilini mwenyewe, anatumia kidogo isiyotosha kuua vijidudu ila inatosha kuvifundisha kuishinda. Kisha anamwambukiza mkewe, mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, haisaidii, anakufa. Baba yako mdogo akasema yeye hana mke. Sikumjibu.

Unaniuliza basi usaidie nini. Kwanza, hifadhi picha ya majibu yangu ya maabara ambayo mwenzio Ndeshi atakutumia kwa WhatsApp, ukurasa wote, si kipande. Nikiugulia kwako Mwanza, hiyo ndiyo umwonyeshe daktari. Pili, yule mtaalamu wa mazoezi ya kifua. Kunifundisha kuvuta pumzi na kuisukuma nje kwa mkupuo mpaka makohozi yapande kumenisaidia kuliko vidonge vingi, na kila asubuhi nafanya kabla ya kunywa chai. Ningependa nirudi kwake, nauli na malipo ya siku hiyo ukiweza. Tatu, mtungi wa gesi. Wa sasa unakaribia kuisha, na jiko la kuni sikanyagi tena, hata kwa kiburu cha Krismasi. Wapike wengine, mimi nitakula.

Dawa ulizotuma nitakwenda nazo kliniki nimkabidhi mfamasia, yeye ndiye anayejua namna ya kuziteketeza. Sitazitupa chooni wala shambani. Na kama kwenye droo yako umebakiza nyingine, tafadhali usimpe mjukuu wangu. Makamasi ya kijani ya mtoto mara nyingi ni mafua tu, na mafua ni virusi, antibayotiki haina kazi hapo. Akipumua haraka, mbavu zikibonyea, au akikataa kunyonya, usimtafutie dawa, mpeleke hospitali.

Nipigie jioni baada ya taarifa ya habari. Asubuhi nakuwa na mazoezi, na mchana baba yako mdogo anasikiliza kila neno. Mpigie na yeye, ila usimguse kwenye habari ya sigara. Amepunguza.

Mama yako